Mheshimiwa Mdomo na Kesi ya Piza

Nyuma ya Amerika, kama uani ulivyo nyuma ya nyumba, iko nchi ndogo isiyoonekana kwenye ramani yoyote. Mabishano ambayo Waamerika huyaacha mezani bila kuyamaliza, kwa kuwa wamechoka au kwa kuwa chakula kimeshaletwa, huvuka ua na kwenda kuishi huko. Mengi hudhoofika baada ya siku mbili tatu. Moja tu lilinawiri, likajenga miji, likaajiri watu, likaandikiwa katiba: ni wapi hasa penye piza bora kuliko zote?

Mwanatumu Shee, mwokaji wa mikate ya mofa wa Kibokoni, Mombasa, alifikaje katika nchi hiyo? Hilo tuliache, maana hata yeye akiulizwa hupunga mkono tu. Tuseme alifika asubuhi, ana njaa, na harufu ya kwanza iliyomgonga puani ilikuwa ya hamira na kuni. Ni harufu aliyoijua tangu ana miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa na hamsini na minane. Moyo wake ulikunjuka papo hapo.

Pale mpakani afisa hakumuuliza jina wala pasipoti.

"Kipande chako cha kwanza ulikila wapi, mama?"

"Kipande cha nini?"

"Cha piza."

"Piza!" Mwanatumu alicheka. "Mwanangu, mimi nimekula mofa, nimekula chapati, nimekula mkate wa kumimina. Piza sijapata kuitia mdomoni tangu nizaliwe."

Afisa alidondosha kalamu. Alisimama, akavua kofia, akaipiga kengele iliyokuwa nyuma yake kwa nguvu zote. Kabla ya adhuhuri Mwanatumu alikuwa amekwisha kuogeshwa, amevishwa joho jeupe lisilo na mfuko hata mmoja, na ameapishwa kuwa hakimu wa Kesi Kuu. Tangu saa hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mheshimiwa Mdomo.

Ili msomaji asishangae mno, katiba ya nchi hiyo ni fupi na inaeleweka. Kifungu cha kwanza chasema kila mdomo ni wa mji ule ulikokula kipande chake cha kwanza, na utabaki wa mji huo mpaka kufa. Ndiyo maana kitambulisho cha raia hakina tarehe ya kuzaliwa. Kina mji wa kipande tu. Wazazi huishi kwa wasiwasi. Mtoto akiota jino la kwanza familia ikiwa ugenini, mama humfunika mdomo kwa kiganja na baba hutafuta usafiri wa kuwarudisha kwao mbio mbio. Kifungu cha pili chasema kuonja piza ya mji mwingine ni usaliti, na msaliti hufutwa katika daftari la raia. Cha tatu chasema midomo ya miji tofauti haioani mpaka kesi iishe, na mji utakaoshindwa utazima matanuri yake yote siku hiyo hiyo. Kesi ilikuwa na miaka mia moja na kumi na miwili.

Kifungu cha nne ndicho kilichomhusu Mwanatumu. Hakimu sharti awe mtu ambaye hajawahi kula piza kabisa, asije akapendelea. Watu wa namna hiyo ni adimu. Kumi na wanne walishapatikana, na wote kumi na wanne walianguka. Wa mwisho alikutwa siku ya nne chini ya meza ya vielelezo, mashavu yamejaa, akidai kuwa anatafuta miwani.

"Wewe tutakulinda," alisema Bibi Jenoveva, karani mkuu wa mahakama, mwanamke mwembamba aliyebeba daftari la raia kifuani usiku na mchana. "Utakula wali mweupe na viazi vya kuchemsha. Visivyo na chumvi."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka utakapoamua, Mheshimiwa Mdomo."

Basi Mwanatumu akaketi kitini, na kesi ikaendelea pale ilipokuwa imeachwa.

Miji inayoshindana ni mitano. Upande wa mashariki uko Mkunjo, ambako piza ni nyembamba na pana kama sinia, nayo hukunjwa katikati na kuliwa huku mtu anatembea. Mtu wa Mkunjo akikaa chini kula, jirani humuuliza kama anaumwa. Kando ya ziwa uko Sufuria. Huko piza ina kina, huliwa kwa uma, na huchukua dakika arobaini na tano kuiva, na kwa sababu hiyo watu wa Sufuria wamepata nafasi kubwa ya kujifunza kuongea. Mji wa Mraba huoka piza za pembe nne na kila mwaka huleta malalamiko kwa kuwa wimbo wa taifa unataja duara. Mji wa Mkaa huunguza zake kwa makusudi na kuuita huo ustadi. Kuhusu mji wa Nanasi, wajumbe wake hukaa nje barazani na huruhusiwa kusema kupitia dirishani, wakiulizwa. Hawajaulizwa tangu kesi ianze, ila ndio wachangamfu kuliko wote.

Siku ya kwanza alisikilizwa Profesa wa Maji wa Mkunjo, aliyeleta chupa moja ya maji ya bomba la kwao, imesindikizwa na askari wawili. Alieleza kwa saa tatu kwamba bila maji hayo unga hauwezi kuwa piza, utabaki unga ulioloa tu. Mwanatumu alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alimwona askari mmoja akijaza chupa nyingine kwenye bomba la uani, maana ile ya kwanza ilimponyoka ikavunjika. Profesa akapewa, akaionja, akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Maji ya nyumbani!" alisema. "Ningeyatambua hata ningekuwa kaburini."

Mwanatumu ilimbidi ajifunike uso kwa daftari la hakimu. Mbavu zilimuuma kwa kicheko alichokibana. Tuseme kweli tupu: alifurahi siku zile kuliko alivyotarajia. Tangu mumewe afariki hakuwa amesikia watu wazima wakibishana kwa moyo mmoja namna ile juu ya jambo ambalo halimuui mtu.

Lakini fundi wa kubishana alikuwa Wakili Bartolomeo wa Sufuria. Alikuwa mzee wa masharubu meupe, sauti nzito, na tumbo lililotangulia mbele yake kama shahidi. Alikuwa ameisimamia kesi kwa miaka thelathini na minane. Akiinuka, hata watu wa Mkunjo walikaa vizuri wasikie watakavyotukanwa.

"Ile ya Mkunjo, Mheshimiwa Mdomo," alianza, "si chakula. Ni leso. Mtu hujipangusia mafuta nayo, halafu kwa kusahau akaimeza."

Upande wa Sufuria walipiga meza kwa furaha. Wakili wa Mkunjo naye akajibu kwamba ile ya Sufuria si piza, ni kisima cha sosi kilichojengewa ukuta, na anayekila apewe ngazi. Watu wakashangilia pande zote mbili. Ilikuwa ni tusi la zamani, lilikuwa likitumika tangu enzi za babu zao, na watu walilipenda kama wimbo.

Siku ya saba Mwanatumu aliuliza swali lake la kwanza. Aliuliza kwa nia safi, kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Wakili, hiyo ya Mkunjo wewe umepata kuila?"

Bibi Jenoveva alilikumbatia daftari lake.

"Kuila?" Wakili Bartolomeo alijinyoosha. "Sijapata hata kuinusa. Nikipita mashariki naziba pua."

"Sasa wajuaje kuwa ni mbaya?"

"Najua kwa sababu sijaila, Mheshimiwa Mdomo. Ningeila ningekuwa na maoni yangu binafsi, na ushahidi wangu ungeharibika."

Watu walitikisa vichwa kwa heshima, hata wale wa Mkunjo, maana hakuna kati yao aliyekuwa ameonja ya Sufuria. Mwanatumu alitazama umati ule wote, watu mia tatu wenye akili timamu, akaona kwamba kwa miaka mia moja na kumi na miwili hakuna mmoja aliyewahi kuijua nusu ya jambo analolizungumza. Akaahirisha kesi mpaka kesho yake, akaenda kula viazi.

Viazi havijafika shingoni mlango ukagongwa. Waliingia vijana wawili, mwanamke na mwanamume, wakasimama mbalimbali kama watu wasiojuana, kisha mlango ulipofungwa wakashikana mikono.

"Mimi ni Klementina," alisema msichana. "Wakili Bartolomeo ni baba yangu. Huyu ni Nunsio, mwokaji wa Mkunjo. Tumechumbiana mwaka wa tisa huu."

"Tisa!" Mwanatumu alisukuma sahani. "Ketini, wanangu. Ketini mnieleze."

Walieleza kwa kupokezana. Walikutana hapo hapo mahakamani, Klementina alipokuwa akimletea baba yake majalada na Nunsio akileta vielelezo vya Mkunjo. Walipendana juu ya ndoo ya maji ya kuoshea masinia. Kifungu cha tatu kikawakatalia. Tangu hapo wamekuwa wakimsubiri hakimu asiyeanguka.

"Amua, mama," alisema Nunsio. "Amua lolote lile. Hata Nanasi."

"Nikiamua Sufuria, wewe tanuri lako litazimwa."

Nunsio aliinamisha kichwa. Baba yake alioka, na babu yake alioka, na yeye hajui kazi nyingine.

"Nikiamua Mkunjo?"

"Baba atakufa," alisema Klementina. Hakusema kwa kutia chumvi. "Haongei na mimi habari hizi. Anajua, lakini haongei. Nikimtaja Nunsio anaanza kusoma hotuba. Mimi nampenda baba yangu, Mheshimiwa Mdomo. Na huyu nampenda. Na mwaka huu natimiza thelathini na moja."

Mwanatumu alimtazama yule binti, roho ikamuuma. Alikuwa na mabinti wawili mwenyewe, na wote aliwaoza kwa vigelegele. Alitaka kusema neno la busara, lakini kila alilolifikiria lilikuwa la kipuuzi, na zaidi ya hayo alikuwa na njaa ya siku saba. Mtu mwenye mikono kama yake akikosa la kusema hutafuta la kukanda.

"Lile tanuri la uani," aliuliza, "ni la nani?"

"La vielelezo," alijibu Nunsio. "La kupashia moto."

"La mji gani?"

"Halina mji. Mahakama imejengwa pasipo na mji, ili asionewe mtu."

"Haya. Niwashieni moto."

Watu wa nchi ile mpaka leo husema Mwanatumu alikuwa amelipanga jambo lote tangu mwanzo, kwa werevu wa ajabu. Mwenyewe husema alikuwa na njaa.

Asubuhi ya siku ya nane walikuwa jikoni watatu, na ugomvi ukaanza kabla maji hayajamwagwa kwenye unga. Nunsio alitaka kulirusha donge juu na kulizungusha hadi liwe jembamba. Klementina alitaka kulitandaza katika chombo chenye kina. Alitaka jibini iende chini na sosi juu. Nunsio alisema sosi juu ni sawa na mtu kuvaa shati juu ya koti. Klementina akamwambia afunge mdomo, akapakwa unga puani, naye akamrudishia. Mwanatumu aliwaacha wacheke, kisha akawapokonya donge.

"Kwetu mofa haiulizwi," alisema. "Unaikanda, inapumzika, unaitia motoni. Wewe shika upande huu, na wewe upande huu. Kila mtu afanye kwao."

Walichokitoa tanurini hakikuwa kizuri kwa sura. Upande mmoja ulikuwa mwembamba na umeanza kuungua, upande wa pili ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu, na katikati jibini ilikuwa imeshindwa kuamua iende wapi. Klementina alijiunguza mkono akiitoa. Mwanatumu aliipeleka yeye mwenyewe mahakamani, juu ya ubao, na watu walidhani ni kielelezo kipya.

Alisimama mbele ya kiti chake. Aliikata. Akachukua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna.

Ukelele uliopigwa ulisikika hadi barazani. "Ameanguka!" walilia watu wa Mraba. "Mheshimiwa Mdomo ameanguka!" walilia watu wa Mkaa. Profesa wa Maji alizirai, au alijilaza. Mwanatumu aliendelea kutafuna bila haraka, macho amefumba, maana baada ya viazi vya siku saba hata ubao wenyewe ungekuwa mtamu.

Bibi Jenoveva ndiye pekee aliyekumbuka kazi. Alifungua daftari la raia na kuchovya kalamu.

"Mdomo wa Mwanatumu Shee," alisoma huku akiandika. "Kipande cha kwanza: leo. Mji..." Kalamu ilisimama. "Mji gani?"

"Tanuri la uani," alisema Mwanatumu.

"Lile halina mji."

"Basi andika hauna."

Bibi Jenoveva alipauka. Katika daftari lile, tangu ukurasa wa kwanza, hapakuwa na nafasi hata moja iliyoachwa wazi. Aliagiza kanuni za zamani ziletwe, akafunua, akapuliza vumbi, akafunua tena, na watu wakangoja wakiwa wamesimama. Mwishowe alisoma kanuni iliyoandikwa siku za mwanzo kabisa, wakati watu walikuwapo na miji bado haijakuwapo. Ilisema kwamba mdomo ukila kipande mahali pasipo na mji, mahali hapo patakuwa mji, na wenyeji wake wa kwanza watakuwa wale waliokioka.

"Nani aliyekioka?" aliuliza Bibi Jenoveva.

Klementina na Nunsio walisogea mbele, unga bado umewajaa nyusi. Karani aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akiwaona wakisimama mbalimbali kwa miaka tisa, na huenda alikuwa akiona zaidi ya alivyojifanya. Alikata majina yao katika ukurasa wa Sufuria na wa Mkunjo, akayaandika pamoja kwenye ukurasa mpya.

"Midomo ya mji mmoja," alisema. "Hakuna kizuizi cha ndoa. Isipokuwa pawe na pingamizi, nalo litolewe sasa, kwa sababu moja tu inayokubalika: kwamba kilicholiwa si piza."

Macho yote yakamgeukia Wakili Bartolomeo. Mzee alikuwa amekwisha kuinuka. Kusema kwamba kitu fulani si piza, bila kukionja, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na hakuna aliyepata kumshinda. Alivuta pumzi, masharubu yakainuka. Watu wa Sufuria walijiweka tayari kupiga meza.

Klementina alikuwa amekata kipande. Alikuja nacho mpaka mbele ya baba yake, juu ya kiganja chenye alama mbichi ya moto.

"Baba, leo usianze kusema. Onja kwanza."

"Klementina." Sauti ile nzito ilitoka ndogo. "Nikionja wananifuta. Mimi si wa Sufuria tena. Miaka thelathini na minane, mwanangu."

"Usipoonja utabaki wa Sufuria. Na mimi nitabaki nyumbani kwako, nitakupikia, nitakubebea majalada, mpaka uzee unikute hapo hapo. Sitakulaumu, baba. Nimechoka tu."

Mzee aliutazama ule mkono. Wajumbe wa Nanasi walikuwa wameingiza vichwa vyote madirishani.

Wakili Bartolomeo alikipokea kipande. Alikigeuza, hakujua akishike vipi, maana uma haukuwapo. Nunsio, kwa woga mwingi, akamwonyesha kwa vidole jinsi ya kukikunja. Mzee akakikunja. Akauma.

Alitafuna. Akameza. Akauma tena, upande wa pili safari hii, ule uliovimba. Sosi ilimwingia kwenye masharubu na hakuifuta.

"Mzee," alisema Bibi Jenoveva polepole, "niandike unapinga?"

"Napinga!" alinguruma, mdomo umejaa, na machozi yanamteremka waziwazi. "Napinga kwa nguvu zangu zote! Andika: huku haikuiva, huku imeungua, jibini imezidi na chumvi hakuna kabisa. Sijapata kuona kitu kibovu namna hii." Akanyoosha mkono wa pili, akamvuta Klementina kifuani, naye Nunsio akajikuta amevutwa pamoja naye. "Ila ni piza. Andika hivyo. Na andika pia kwamba harusi ni leo leo, kabla sijashiba."

Bibi Jenoveva aliandika yote, kwa mpangilio ule ule aliotajiwa, na mzee akaomba akatiwe kipande kingine.